Lango Lililopitisha Mbuzi

"Mlango hupimwa na apitaye." Methali hii ilianza hapa hapa Kwemtindi, na ilianza hivi nitakavyowaeleza. Lakini kwanza chukueni visu mnisaidie kumenya mihogo, maana mimi sisimulii watu waliokunja mikono.

Mnasema mmeisikia leo mkutanoni. Wakubwa walikuwa wanajadili soko jipya, msichana mmoja akanyoosha mkono akaitamka. Nanyi mkadhani ni maneno ya wahenga. Ni kweli ni ya mhenga, ila mhenga mwenyewe hajafa. Ana meno yake yote, na juzi tu amenitumia sukari na khanga. Siku alipoisema hakuwa na unywele mmoja mweupe, na alikuwa bado anagombana na mama yake kwa sababu ya kuosha vyombo. Nyinyi mkisikia neno lenye uzito mnamtafuta mzee mwenye mkongojo. Basi leo mtafuteni msichana.

Mnajua kwamba mji huu ulianzishwa na watu waliokuja kukata mkonge. Walitoka pande nyingi, na kila mmoja alijenga kama alivyojenga baba yake. Jambo moja tu walilishika wote wakalifanya lao: nyumba haichimbiwi msingi kabla haijapitwa. Fundi anapigilia vigingi, anavuta kamba za katani kila palipo na ukuta, na anaacha nafasi kila palipo na mlango. Kisha anawaita watakaokaa humo waje na vitu watakavyokuwa wanaingia navyo. Mwanamke anakuja na ndoo kichwani au ungo kiunoni. Mzee anakuja na jembe begani. Fundi anasimama penye mlango anauliza, "Nani apitaye?" Mwenye nyumba anajibu, "Mimi," anapita. Ungo ukigusa kamba, kigingi kinang'olewa kinasogezwa. Hakuna anayeona haya wala anayekasirika, kwa sababu kamba haina ubishi na shimo bado halijachimbwa.

Hiyo ndiyo desturi, na mpaka leo wajenzi wetu wanaifuata. Sasa sikilizeni tulivyoifuata siku moja kwa kichwa chini miguu juu.

Kaka yangu alikuwa na binti aitwaye Mbonea. Alipokuwa mdogo aliugua, ugonjwa ukampitia ukamwacha na miguu isiyombeba. Alitembea kwa baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha kwa mikono, na mikono yake ikawa na nguvu kiasi kwamba vijana wa kiume walikuwa wanakwepa kusalimiana naye kwa kushikana. Mwalimu mmoja alimpa tufe ajaribu kurusha akiwa amekaa. Alilirusha likapita mpaka wa uwanja wa shule likaangukia bustani ya mchicha. Tangu siku hiyo Mbonea akawa mtu wa tufe. Akiamka ni tufe, akilala ni tufe. Alichaguliwa kwenda mashindano ya mkoa ya watu wenye ulemavu, msimu wa kiangazi.

Shida ikawa mahali pa kufanyia mazoezi. Shule ilijenga madarasa palepale alipokuwa anarushia, na ardhi yetu hii mnaiona wenyewe, ni mabonde na mashina ya mkonge. Habari zilipokuja kwamba mfadhili ameleta saruji na nondo ili Kwemtindi ijengewe uwanja wa michezo wa wote, Mbonea alilia kwa furaha mbele yangu. Aliniambia, "Shangazi, nikipata pale sitakosa tena mahali pa kurushia. Nisipopata, hili tufe litabaki kuwa jiwe la kuzuia mlango usipigwe na upepo." Hakuwa anatania.

Mwenyekiti wetu wa mtaa wakati ule alikuwa Mzee Shemhilu, na ndiye aliyeongoza kamati ya uwanja. Hakuwa mtu mbaya. Mtu mbaya ni rahisi, unamkataa unakwenda zako. Huyu alikuwa mtu mwema aliyezoea kuulizwa yeye. Hofu yake kubwa ilikuwa mifugo na pikipiki. Alisema uwanja ukikaa wazi, ng'ombe na mbuzi watamaliza nyasi na madereva wa bodaboda watapageuza njia ya mkato. Basi kamati ikaamua kwamba uwanja uzungushiwe ukuta wa tofali na uwe na lango moja la kona: unaingia, unakutana na nguzo, unapinda kushoto, unakutana na nguzo nyingine, unapinda kulia, ndipo unatokea ndani. "Binadamu anapita," alisema Mzee Shemhilu, "ng'ombe hapiti, mbuzi hapiti, pikipiki haipiti." Watu wakaona ni akili kubwa.

Siku ya kuupita uwanja ilipofika, Fundi Mahimbo alikuwa ameshavuta kamba zake kila upande. Pale penye lango alisimamisha nguzo za mkonge mkavu, nyepesi kama mabua, kuonyesha kona zitakavyokuwa. Kamati ikaja imevaa. Mzee Shemhilu alivaa kanzu na koti, wenzake viatu vya kung'aa. Vijana walikuwapo pia, wamepangwa mbali kidogo, na kazi yao ilikuwa kupiga makofi. Fundi akauliza, "Nani apitaye?"

Mzee Shemhilu akajibu, "Mimi, kwa niaba ya wote."

Makofi yakapigwa. Hakuna hata mmoja aliyeguna. Miaka yote ya kupita nyumba, mume hajawahi kupita kwa niaba ya mke, wala mama kwa niaba ya mtoto. Lakini huu ulikuwa uwanja wa umma, na watu wakaona kitu kisicho nyumba ya mtu kinatosha kupitwa na wakubwa. Kamati ikapinda kushoto, ikapinda kulia, ikaenda moja kwa moja hadi palipopangwa jukwaa la wageni. Hawakufika golini, hawakufika vyooni. Walikaa kivulini wakanywa soda, wakasema uwanja umepitwa na kesho asubuhi msingi uchimbwe.

Mbonea hakuwapo, alikuwa kliniki. Alifika jioni, watu wameshatawanyika, amebeba tufe lake mapajani. Nilikuwa naye. Aliiendesha baiskeli yake mpaka kwenye zile nguzo za mkonge, akapinda kushoto, gurudumu likakwama. Akarudi nyuma akajaribu kuingia kiubavu, likakwama tena. Akabaki anazitazama kamba. Mimi nilitukana, siwafichi, na aliyetukanwa alikuwa nyumbani kwake anakula.

Semkiwa alitupita na pikipiki yake akasimama. Alikuwa nahodha wa timu ya mpira wa miguu, kijana mzuri mwenye maneno mengi, na alikuwa anampenda Mbonea kama dada yake.

"Usijali, Mbonea," alisema. "Siku za mazoezi nitakuwa nakubeba mgongoni, na baiskeli wenzangu wataipitisha juu ya ukuta."

"Na siku ukiwa na abiria?"

"Watakubeba wengine."

"Na wasipokuwapo?"

Semkiwa akacheka kidogo, akakuna kichwa. "Sasa wewe unataka nini? Uwanja tumeusubiri tangu tuko watoto. Tupate kwanza, lango tutalirekebisha baadaye."

"Baadaye ya saruji ni nyundo," Mbonea alimjibu. "Nani atakuja na nyundo kwa ajili yangu? Sikiliza, Semkiwa. Mimi nataka kwenda uwanjani, sitaki kupelekwa. Mtu anayepelekwa huja siku wenzake wakitaka. Anayekwenda huja siku akitaka yeye."

Semkiwa aliwasha pikipiki akaondoka, nami nikadhani amekasirika. Mbonea akageuza baiskeli tukaelekea nyumbani. Nilitaka kumbembeleza nikaona uso wake nikaacha. Ulikuwa uso wa mtu anayepanga.

Kesho yake vibarua walifika mapema na sururu zao na makoleo. Mzee Shemhilu alikuwapo kusimamia. Walimkuta Mbonea ameshafika, ameisimamisha baiskeli mbele ya lango, mahali palepale sururu ya kwanza ilipotakiwa kupiga. Pembeni yake alisimama Nakijwa, nahodha wa mpira wa pete, na wasichana wake wamevaa jezi. Mbonea alikuwa amewapitia nyumba kwa nyumba kabla hawajaenda kisimani.

"Shikamoo, mzee," alisema Mbonea.

"Marahaba, mwanangu. Sogea, watu wafanye kazi."

"Nimekuja kuupita uwanja, mzee."

"Uwanja ulikwisha pitwa jana."

"Na nani?"

"Na kamati."

"Kamati inacheza namba ngapi?"

Vibarua waliangua kicheko, mmoja akaegemea koleo lake. Mzee Shemhilu hakucheka. "Mtoto, chunga ulimi wako."

"Sikukusudia kukuvunjia heshima, mzee wangu," Mbonea alisema. "Nakuuliza jambo moja tu. Mlango wa jiko la nyumbani kwako ulipimwa na nani?"

"Na mke wangu. Unajua desturi."

"Kwa nini haukupimwa na wewe? Nyumba si yako?"

"Mimi sipiti na ungo," alisema Mzee Shemhilu kwa haraka.

"Basi, mzee. Nawe hupiti na baiskeli ya magurudumu matatu. Hupiti na mpira wa pete, hupiti na mtoto mgongoni. Mlango hupimwa na apitaye."

Hapo ndipo ilipotamkwa mara ya kwanza, wajukuu zangu. Lakini msifikiri ilipotamkwa tu mambo yakaisha. Neno zuri linaweza kusemwa saa mbili asubuhi na saa tatu shimo likachimbwa. Mzee Shemhilu alikuwa mtu wa hoja, akasema hoja zake. Alisema lango limewekwa kwa sababu, akazitaja: mbuzi, ng'ombe, pikipiki. Alisema yeye mwenyewe atatafuta mtu wa kumbeba Mbonea, tena atamlipa. Mbonea akasema hataki kubebwa. Mzee akasema huwezi kubadili uwanja wa watu wote kwa ajili ya mtu mmoja. Wasichana wakaanza kutazamana, na mimi nikaona tunashindwa.

Aliyelituliza jambo ni Fundi Mahimbo, naye hakutoa hekima yoyote. Aliweka tu kamba yake chini. "Mwenyekiti," alisema, "pakiwa na mtu anayedai kupita, mimi sichimbi. Baba yangu hakuchimba, na mimi sichimbi." Akasimama penye lango akauliza kwa sauti ileile ya siku zote, "Nani apitaye?"

"Mimi," alisema Mbonea.

Akazungusha mikono, akaingia. Kona ya kwanza gurudumu likagusa nguzo. Akarudi, akajaribu kwa pembe nyingine, likagusa tena. Zile nguzo zilikuwa za mkonge mkavu, angeziangusha zote kwa kiwiko kimoja. Hakuziangusha. Alitaka zionekane zimesimama na yeye amekwama. Jasho lilimtoka, mikono ikavimba mishipa, na hakuna mtu aliyekuwa anacheka tena.

Wakati huo akina mama walikuwa wanaleta uji wa vibarua na kikapu cha ndizi za kuchemsha, wakapita upande wa pili palipokuwa na kamba tu wakaviweka ndani. Nyuma ya harufu ile akaja beberu. Hakuwa beberu wa mtu mwingine ila wa Mzee Shemhilu mwenyewe, yule mwekundu mwenye pembe moja, aliyejulikana mtaa mzima kwa wizi wa maganda. Angeweza kuruka kamba popote. Yeye akaja langoni. Akapenya kando ya baiskeli ya Mbonea, akapinda kushoto, akapinda kulia bila haraka, kama mjumbe wa kamati, akatokea ndani akaanza kula ndizi.

Kibarua mmoja akasema, "Mwenyekiti, mgeni rasmi amefika."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Hata Mbonea alicheka, na machozi yanamtoka. Kicheko kilipokwisha, kila mtu alimtazama Mzee Shemhilu. Yeye alimtazama beberu wake ndani, akamtazama Mbonea nje. Alivua kofia. Nilikuwa karibu naye, nikamsikia akisema taratibu, "Mbuzi kapita, mtoto wetu kabaki nje."

Kisha akaenda mwenyewe na kanzu yake, akaishika nguzo ya kwanza akaing'oa. Akaing'oa na ya pili. Nawaambia ukweli, siku ile nilimpenda mzee yule kuliko siku zote alizotuhutubia.

"Fundi," alisema, "uliza tena. Uliza kila mahali, si langoni tu."

Pikipiki zikasikika. Semkiwa alikuwa anakuja na timu yake yote, wamepakiana wawili wawili, vumbi tupu. Kumbe tangu jioni ile alikuwa anawazungukia. Alishuka akamwambia mzee, "Tumekuja kupita na sisi. Na zile bodaboda unazotaka kuzizuia ni hizi, mzee. Nusu ya timu ni madereva. Mngetuuliza tungewaambia: tutaziegesha nje, na atakayeingia nayo hachezi Jumapili. Hakuna ukuta unaoshinda hilo."

Mzee Shemhilu alishangaa. Miaka yote alikuwa anawajua vijana wale kama bodaboda wanaopiga kelele mchana, na Jumapili anawashangilia kama wachezaji, wala hakujua kuwa ni walewale.

Siku ile hapakuchimbwa kitu. Fundi alizunguka na vigingi vyake na vijana nyuma yake. Nakijwa alipita akaonyesha kuwa uwanja wa mpira wa pete haukuwapo kabisa, jukwaa la wageni limeukalia. Jukwaa likasogezwa, tena likapunguzwa. Wasichana walipita hadi vyooni, kule nyuma kwenye mkonge, wakasema huko hawaendi jua likishazama hata kwa fimbo, vyoo vikaletwa karibu na lango. Mlango wa chumba chao cha kubadilishia nguo ulitazamana na kilabu cha pombe, ukageuzwa. Lango likawa pana, la chuma, lenye komeo. Komeo lenyewe Fundi alitaka kuliweka juu, Mbonea akanyoosha mkono akiwa amekaa, akasema, "Hapa." Likawekwa hapo. Mbuzi hawezi kulifungua, na watoto wadogo wakalifikia pia, jambo ambalo hakuna aliyelifikiria.

Msidhani walipatia yote. Upande wa watazamaji vijana wale waliuelekeza magharibi, na mpaka leo sisi wazee tukienda kutazama mpira jioni jua linatuchoma usoni. Kwa nini? Kwa sababu walipokuwa wanapita hakuna aliyeniuliza mimi nitakaa wapi. Nimewaambia mara nyingi, na kila nikiwaambia wananirudishia methali yao, wanasema, "Bibi, ungekuja ukapita." Wana haki, wajinga wale.

Uwanja ulipokwisha, mgeni rasmi alikuja na utepe ukafungwa langoni. Fundi Mahimbo, kwa mazoea tu, akauliza, "Nani apitaye?" Kamati nzima ikamtazama Mzee Shemhilu. Alikuwa amevaa kanzu ileile na koti lile. Akapiga hatua moja pembeni.

"Mimi," alisema Mbonea.

Alifungua komeo kwa mkono wake mwenyewe, hakuna aliyemsukuma. Aliingia na tufe mapajani, akazunguka uwanja mzima peke yake, na sisi tuliokuwa nje tulilia kama watu wa msibani. Kiangazi kile mkoani hakushinda. Alishinda mwaka uliofuata, na uliofuata tena, na sasa anafundisha wengine kurusha, palepale.

Nanyi ndiyo kwanza mnaniambia kesho Fundi anavuta kamba za soko jipya, na kwamba mmeambiwa mje kupiga makofi. Wewe Tabia, mama yako anaingia sokoni na nini kila alfajiri? Mkokoteni wa nyanya. Babu yako Kilua haoni, anaingiaje? Kwa bega la mtu. Nendeni na huo mkokoteni, mpelekeni na huyo babu. Nami nitakuja na kigoda changu, safari hii sichomwi na jua. Fundi akiuliza, asiwepo mtu wa kumjibu "kwa niaba".

Leteni hiyo sufuria sasa. Mihogo imekwisha, na neno nalo mmeshalijua lilikotoka: mlango hupimwa na apitaye.